Kiangazi kina chakula chake, kiandikeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Kila ikifika Agosti, ukurasa wenu wa nyumbani huanza kutupa pole: kiangazi hicho, nunueni feni, jazeni friji, sageni juisi na barafu. Shauri hilo huenda linawafaa watu wa pwani, ambako hewa yenyewe imelowa. Huku Tabora, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ya Septemba ni kavu mpaka midomo inapasuka. Ukavu huohuo ndio unaopoza maji ya kunywa, ndio unaokausha viazi, ndio unaotupa mboga ya kulia ugali hadi mvua za Novemba. Kiangazi chetu kina raha zake ndogondogo za uani na jikoni, wala hazihitaji umeme. Shida ni kwamba hakuna anayeziandika, na vijana wanaohamia vyumba vya kupanga wanazipoteza moja baada ya nyingine. Ili nisionekane nimekuja kulalamika tu, nimeweka vipimo.

Nianze na mtungi, kwa sababu ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Mtungi unapoza kwa kutoa jasho. Maji hupenya polepole kwenye vitundu vya udongo, yanafika nje, upepo mkavu unayakausha, na kila tone linalokauka linaondoka na joto. Mchana wa Oktoba, hewa ikiwa nyuzi 32, maji ya mtungi uliowekwa vizuri hushuka nyuzi 7 hadi 10 chini ya hapo. Hayo ni maji yanayoshuka kooni bila kuuma meno. Mtungi huohuo ukiutazamia ubaridi mwezi wa Januari utakuangusha, kwa kuwa hewa ya masika imeshiba maji na jasho halikauki. Kwa hiyo anayesema mitungi ya siku hizi haipozi, muulize kwanza aliujaribu mwezi gani na aliuweka wapi.

Mahali ndipo penye makosa mengi. Watu wanauficha nyuma ya mlango wa stoo ili “ukae pa baridi”. Huko hakuna upepo, hewa inayouzunguka inalowa, na mtungi unakaa unanyong’onyea. Uweke barazani, kivulini, panapopita upepo, juu ya karai la mchanga uliomwagiwa maji. Mchanga unaushika usiyumbe na unapoza kitako. Mtungi mpya ujaze maji, uache mchana na usiku, umwage, urudie mara mbili, ladha ya udongo itapungua. Usiuoshe kwa sabuni hata mara moja, maana udongo unainywa na utaionja kwenye kila kikombe kwa wiki nzima. Sugua kwa dodoki na mchanga laini, basi. Baada ya miezi kadhaa utaona ukoko mweupe kwa nje, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima. Hiyo ni chumvi, na ndiyo inayoziba vitundu. Ipake maji ya ndimu, subiri nusu saa, sugua, suuza.

Jambo moja lisipite hivihivi: mtungi unapoza tu, hautibu maji. Chemsha, yaache yapoe kabisa kwenye sufuria, ndipo uyamimine, kwani maji ya moto yanaupasua. Ufunike, uchote kwa kata yenye mpini mrefu, na kikombe cha kunywea kisizame humo. Mwaga yaliyobaki kila baada ya siku tatu.

Sasa viazi vitamu. Mavuno yanapomalizika, kwenye Juni na Julai, sado ya viazi inashuka bei na magunia yanaozea sokoni. Huo ndio wakati wa matobolwa na michembe, na hapa naomba waandishi wenu waache kuvichanganya. Michembe ni viazi vibichi vilivyokatwa na kuanikwa. Matobolwa yamechemshwa kwanza. Michembe lazima ipikwe, matobolwa unatafuna hivyohivyo na chai. Kuviita vyote “viazi vikavu” ni sawa na kuita maziwa na mtindi kitu kimoja.

Kwa matobolwa, chagua viazi vyenye unga mwingi, vile vinavyokukaba usipokuwa na maji karibu. Kiazi chenye majimaji kinageuka uji sufuriani. Osha, menya, usikate. Panga kwenye sufuria, vikubwa chini, maji yafike nusu tu ya kina cha viazi, funika kwa majani ya mgomba au mfuniko unaobana. Moto wa wastani, dakika 25 hadi 30. Kipimo ni kijiti: kiingie hadi kati kwa kukisukuma kidogo, kisizame chenyewe. Kikizama chenyewe, kiazi hicho kile leo, maana ukikikata kitapondeka. Epua, mwaga maji, acha vipoe kabisa. Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi. Kiazi cha moto kinaacha nusu yake kwenye kisu, kilichopoa kinakatika safi. Kata vipande virefu vya unene wa sentimita moja.

Anika juu ya kichanja, au jamvi lililotandikwa juu ya bati. Jamvi lazima liwepo. Bati tupu saa saba mchana linakaanga ngozi ya kipande, inakuwa gamba, maji ya ndani yanakosa njia, na baada ya mwezi unafungua gunia unakuta ukungu katikati ya vipande vilivyoonekana vikavu kabisa. Kuanika chini uwanjani ni kujitafutia mchanga wa meno, mchanga ambao hautoki tena hata uoshe vipi. Ama wale wanaoanika pembeni ya lami, wanatuuzia vumbi la matairi na moshi wa malori kwa bei ya chakula. Geuza mara mbili kwa siku. Jioni ingiza ndani, kwani usiku wa Julai ni baridi na umande unarudisha ulichokausha mchana. Siku nne hadi sita zinatosha.

Matobolwa yaliyokauka yakigonganishwa hulia kama vijiti. Usipoyaamini masikio yako, chukua kiganja kimoja, tia kwenye chupa ya kioo, funga, weka juani saa moja. Kioo kikifanya ukungu kwa ndani, rudisha vyote kichanjani. Kilo 10 za viazi vilivyomenywa hubaki kilo 3 na ushei, kwa hiyo usishtuke ukiona gunia limegeuka ndoo. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, na kila mwezi yatoe yaote jua siku moja, wadudu wasipate makao.

Michembe ni rahisi zaidi. Viazi vikae siku mbili tatu baada ya kuchimbwa vinyauke kidogo, kwa sababu kiazi kibichi kabisa kinavunjika ovyo chini ya kisu. Unene wake uwe nusu ya ule wa matobolwa, au chini ya hapo. Kupika: suuza, chemsha kwa maji kidogo hadi ilainike, kisha tia karanga zilizotwangwa.

Angalizo kwa wenye viazi lishe, vile vya rangi ya machungwa. Watu wanavipanda kwa ajili ya vitamini A halafu wanavianika kwenye jua la utosi, wakati mwanga huohuo ndio unaoiharibu. Hivyo vianikwe kivulini penye upepo, hata kama vitachukua siku mbili zaidi. Na vipikwe dakika chache, kwani vingi vina maji kuliko vile vyeupe.

Kanuni hiyohiyo ya kivuli ni ya majani ya kunde, yakikauka wengi huku wanayaita nsansa. Chuma majani machanga, osha, tumbukiza kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo, dakika mbili hadi tatu, yasizidi. Chuja, tandaza kwenye ungo, weka chini ya paa la jiko au barazani. Yakianikwa juani yanakuwa na rangi ya nyasi za Oktoba na ladha yake haiko mbali na nyasi hizo. Kivulini yanabaki kijani kibichi kilichokolea. Siku tatu hivi, yakisuguliwa vidoleni yanameguka vipandevipande.

Kupika nsansa ya watu wanne: viganja viwili vya majani makavu, loweka kwenye maji ya vuguvugu dakika 20, bandika yachemke hadi yalainike. Karanga mbichi kikombe kimoja, twanga, chekecha. Sasa angalia. Unga wa karanga usiutie mkavu kwenye chungu kinachochemka, utafanya madonge yenye unga mbichi ndani. Ukoroge kwanza na maji baridi upate uji mwepesi, ndipo umimine huku unakoroga, na uendelee kukoroga mpaka uchemke, maana karanga hufoka ghafla na huungua chini kabla hujasikia harufu. Moto mdogo dakika 15, mpaka mafuta yaanze kuonekana juu. Kitunguu na nyanya si lazima. Ukiniuliza mimi, nyanya inaifunika ladha ya kunde. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe zote, usizichanganye na nzuri ukitumaini moto. Sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa.

Mtu atasema, mboga kavu tu mpaka lini? Ndipo tunafika nyuma ya bafu.

Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, tunashukuru, lakini yana bili, na hakuna mwenye akili timamu anayemwagilia mchicha kwa maji ya bili huku maji ya kuoga yakichirizika barabarani. Tuta moja la upana wa mita 1 na urefu wa mita 3 linataka lita 15 kwa siku kwenye joto la Septemba, yaani pungufu ya ndoo moja kubwa. Nyumba ya watu watano inamwaga zaidi ya hayo kwa kuoga tu.

Tuta la kiangazi linachimbwa kinyume cha tuta la masika. Halinyanyuliwi, linazamishwa. Udongo wetu ni kichanga, maji yanapita kama kwenye chekecheo, na tuta lililonyanyuka linapigwa upepo pande zote. Chimba kina cha sentimita 30, changanya udongo uliotoa na madebe matatu ya samadi iliyokwisha kuoza, irudishe humo, lakini iishie sentimita 10 hivi chini ya usawa wa uwanja. Udongo unaobaki fanyia ukingo. Maji yakimwagwa yanatulia humo, hayakimbii. Samadi mbichi usitie, inaunguza mizizi na inaleta mbegu za magugu yote yaliyoliwa na ng’ombe.

Juu tandaza nyasi kavu kama matandazo, lakini ziwe nyembamba, unene wa vidole viwili. Ukirundika, mchwa watahamia hapo na wakimaliza nyasi watahamia kwenye miche. Mabua ya mahindi yaweke mbali kabisa, kwa mchwa hayo ni karamu. Majivu kiganja kimoja kwa kila mita yanasaidia. Wanaomwaga ndoo nzima ya majivu wanautia udongo magadi kupita kiasi halafu wanalalamika kwamba majani yamekuwa ya njano.

Maji ya sabuni nayo yana adabu yake. Maji ya kuoga na ya kusuuzia vyombo yanafaa. Yale ya kwanza ya kufulia, yenye povu zito, na yoyote yenye dawa ya kung’arisha nguo, yapeleke kwenye migomba au yamwage kando. Mimina kwenye udongo, majani yasilowe. Kila siku ya tatu mwagilia maji safi ili chumvi ishuke chini. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo umechelewa, ongeza maji safi siku mbili mfululizo. Mwagilia jioni, mchana unalipa jua.

Mchicha ndio wa haraka. Changanya mbegu kijiko kimoja na mchanga mkavu vijiko 10, nyunyiza kwenye mistari, funika kidogo sana. Zungushia majivu pembeni, bila hivyo sisimizi watabeba mbegu usiku mmoja na utailaumu kampuni ya mbegu. Siku 21 hadi 28 unang’oa. Panda mstari mpya kila baada ya siku 10, usipande tuta zima kwa mpigo, utakula mchicha wiki moja halafu ukae mwezi mzima ukitazama udongo. Chainizi nayo inapenda hali ya hewa ya Juni, ila ikifika Septemba vidukari vinaizingira. Kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, nyunyiza upande wa chini wa majani jioni, rudia baada ya siku tano, na uoshe vizuri kabla ya kupika. Kuku hawana dawa ila miiba.

Lakini mfalme wa tuta hilo ni kiazi chenyewe, na hili ndilo ningependa gazeti lilikazie. Kila Novemba mvua inanyesha, kila mtu anakimbia kutafuta marando, yaani mashina ya viazi ya kupanda, na marando hayapo, au yapo kwa bei ya kuchekesha. Yamekufa shambani tangu Agosti. Mita tatu nyuma ya bafu zinamaliza kero hiyo. Mwezi wa Julai chukua vipande vya sentimita 30 kutoka kwenye mashina yaliyozaa vizuri, vyenye majani yaliyonyooka. Shina lenye majani yaliyojikunja, madogo, au yenye mabaka ya manjano lina ugonjwa, na ukilichukua unaupanda ugonjwa huo mwaka mzima ujao. Fukia theluthi mbili za kipande, nafasi ya kiganja kati ya kimoja na kingine. Kuanzia mwisho wa Septemba unakata ncha, unazipanda palepale, na marando yanaongezeka. Mvua ikishika ardhi unayo ya kutosha kuanzia shamba bila kumpigia mtu magoti.

Kosa moja: kula tuta la mbegu. Majani ya viazi ni mboga tamu na mkono ni mwepesi saa ya jioni. Ila shina linalochumwa kila siku linatoa rando jembamba lisilo na nguvu. Panda matembele ya mboga upande mmoja, weka alama ya kijiti, upande wa mbegu usiguswe. Mchaichai upande mwishoni, maji yanapotokea. Hautaki kubembelezwa, na majani matatu kwenye birika yanatosha kuibadilisha chai ya matobolwa.

Kuhusu asali nitasema machache, Tabora hatuna haja ya kufundishana. Asubuhi za Julai asali huganda, na wageni hudhani imechanganywa sukari. Asali safi huganda. Weka chupa juani au kwenye maji ya vuguvugu yanayovumilika na mkono, usibandike jikoni. Funga mfuniko daima, asali hunyonya maji ya hewani na kuchacha. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Halafu yanakuja maembe, na hapo kiangazi kinakaribia kuaga. Kuna mtindo wa kuyaangua machanga na kuyaivisha kwa ile dawa ya kijivu ya wachomelea vyuma. Inageuza ganda kuwa la njano, nyama ya ndani inabaki ngumu haina utamu, na dawa yenyewe ina uchafu wenye sumu. Embe lililokomaa lina mabega yaliyojaa kupita kikonyo, na ukilitia kwenye ndoo ya maji linazama. Likielea, wenzake waache mtini wiki nyingine. Angua na kikonyo cha urefu wa vidole viwili, ligeuze utomvu utirike pembeni, usilichome ganda. Kuvundika ni kuvundika kule kwa zamani: boksi, nyasi kavu, maembe 20, ndizi mbivu mbili katikati, funika. Siku ya tatu au ya nne nyumba nzima inanukia. Angalia kila siku, toa linaloanza kuoza. Yaliyoanguka chini yenye tundu dogo la nzi yaokote yote, yafunge kwenye mfuko mweusi juani siku mbili tatu, la sivyo funza waliomo ndio nzi wa wiki mbili zijazo.

Mnasema pia maembe yaanikwe. Yaanikeni yale ya mwanzo kabisa, vipande vya nusu sentimita vilivyochovywa kwenye maji ya ndimu, vifunikwe kwa neti ya dirisha. Chandarua kikuukuu cha mbu kisitumike, vingi vina dawa. Mvua zikishaanza, acheni. Embe la Desemba halikauki huku, linavunda.

Yale mabichi yanayodondoshwa na upepo kabla ya hapo msiyape mgongo. Menya, kata vipande virefu hadi kwenye kokwa, chumvi, pilipili iliyotwangwa leo. Ya pakiti haina ukali unaohitajika. Vikae dakika 10 hadi vitoe maji yake, na hayo maji msiyamwage, watoto watayagombania bakulini.

Msomaji wenu,
Ng’ambo, Tabora